Neno, Tafsiri na Ushahidi: Mtafiti wa Kiswahili Mbele ya Vyanzo vya Historia ya Marekani katika Intaneti



Katika kamusi za Kiswahili limo neno merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi wala nakshi. Neno hilo ni hati ya historia. Liliingia katika lugha katika karne ya 19, wakati meli za bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilipokuwa zikileta Unguja vitambaa vya viwanda vya New England na kurejea na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan mjini Maskati. Na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, alifika Unguja akiwa konsuli wa kwanza wa nchi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara ya pamba, kitambaa hicho kiliadimika sokoni, lakini jina lake halikutoweka.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kueleza asili ya neno moja tu la nguo anajikuta, apende asipende, ndani ya historia ya Marekani. Barua za wafanyabiashara hao, daftari za meli zao na taarifa za makonsuli zimehifadhiwa Marekani. Nauli ya kuzifuata hana. Anachoweza kukifikia ni kompyuta, na kompyuta humletea kwa wakati mmoja hati halisi, nakala ya hati, muhtasari wa nakala, na uzushi mtupu, vyote vikiwa vimepangwa kwa herufi za aina moja na kung'aa kwa namna moja. Swali la mhadhara huu ni jinsi mtafiti huyo anavyoweza kutambua kipi ni kipi.

Jibu linalotolewa mara nyingi madarasani ni orodha ya anwani: amini tovuti za serikali na za vyuo vikuu, tilia shaka nyinginezo. Jibu hilo si baya, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda likatosha kwa muhula mmoja. Udhaifu wake ni kwamba linaupa mlango heshima inayostahili kupewa kitu kilichomo ndani. Kuaminika kwa chanzo hakutokani na anwani yake. Kunatokana na mnyororo unaokiunganisha kile kinachosomwa kwenye skrini na kile kilichoandikwa au kusemwa mara ya kwanza: nani alinakili, kutoka wapi, lini, na nini kilipotea njiani. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili anaongeza pete moja katika mnyororo huo, nayo ni tafsiri. Dai la mhadhara huu ni kwamba pete hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa ina uwezo wa kufuta alama zile zile ambazo zingemwonyesha msomaji kwamba matini ni ya uongo.

Uchukuliwe kwanza mfano wa meli ya Sultana. Meli hiyo ya Sayyid Said ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa na bidhaa za kuuza pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani humkataza mwenye madaraka kupokea zawadi ya mtawala wa kigeni bila idhini ya Bunge, na kwa sababu hiyo safari hiyo iliacha alama katika magazeti, katika kumbukumbu za Bunge na katika karatasi za Rais mwenyewe. Sehemu kubwa ya alama hizo leo inasomeka bure. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka katika intaneti karatasi za Van Buren, na mkusanyo wake wa magazeti ya kale uitwao Chronicling America una kurasa zaidi ya milioni 20.

Hata hivyo, mwanafunzi anayeandika katika kisanduku cha kutafutia maneno "Sultan of Zanzibar" na mwaka 1840 atapata machache sana, na huenda akahitimisha kwamba magazeti ya wakati huo hayakuijali meli hiyo. Hitimisho hilo litakuwa potofu. Waandishi wa Marekani wa miaka hiyo walizoea kumwita mtawala huyo "Imaum of Muscat", cheo ambacho yeye mwenyewe hakukitumia, na tahajia ya majina ya mahali ilibadilika kutoka gazeti hadi gazeti. Isitoshe, kinachotafutwa na kompyuta si ukurasa wa gazeti, bali maandishi yaliyotolewa katika picha ya ukurasa na programu ya kutambua herufi. Wino uliofifia, karatasi iliyokunjika, neno lililokatwa mwisho wa mstari, hata ile herufi ndefu ya s ya vitabu vya karne ya 18 ambayo programu huisoma kama f, vyote huificha habari iliyopo. Mtafiti anapaswa kujifunza msamiati wa enzi anayoitafiti kabla ya kuitafiti, kisha aufungue ukurasa wenyewe na kuusoma kwa macho. Ukimya wa kompyuta si ushahidi wa ukimya wa historia.

Kuhusu mahali pa kuanzia, hapahitaji maneno mengi. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1934, ina orodha yake katika intaneti pamoja na picha za hati nyingi. Maandishi ya George Washington, John Adams, Thomas Jefferson, Alexander Hamilton, James Madison na Benjamin Franklin yamekusanywa katika Founders Online, iliyofunguliwa mwaka 2013, ambapo barua nyingi zina tarehe, maelezo ya wahariri na kauli kuhusu mahali zilipo nakala zake asilia. Nukuu nyingi za Jefferson zinazozunguka duniani hazimo humo, na taasisi inayoitunza nyumba yake ya Monticello imelazimika kuandaa orodha ya kauli ambazo hakuzitamka. Kamusi elezo huria nazo zisidharauliwe. Mtafiti mwerevu huanzia chini ya ukurasa, kwenye marejeo, kisha akaondoka humo mapema iwezekanavyo.

Lakini hata hati iliyo halali kabisa inaweza kuwa zaidi ya moja. Hotuba fupi ya Abraham Lincoln ya tarehe 19 Novemba 1863 kwenye makaburi ya Gettysburg ipo katika nakala tano za mwandiko wake mwenyewe, nazo hazilingani. Maneno yenye maana ya "chini ya Mungu" hayamo katika nakala mbili kati ya hizo tano. Wanafunzi wa utenzi wa Kiswahili, waliozoea kulinganisha miswada ya kazi moja iliyonakiliwa Lamu, Pate na Mombasa, hawatashangazwa na jambo hili. Linaloshangaza ni kwamba wanafunzi hao hao, wakifika kwenye intaneti, huiacha elimu hiyo mlangoni.

Matokeo ya kuiacha yanaonekana vizuri katika hotuba inayohusishwa na mtu aitwaye Willie Lynch. Inasemekana kwamba mwaka 1712 mtu huyo, mwenye watumwa kutoka visiwa vya Karibi, alisimama kando ya Mto James huko Virginia akawafundisha mabwana wenzake namna ya kuwagawanya watumwa: wazee dhidi ya vijana, weusi zaidi dhidi ya weupe kidogo, wanawake dhidi ya wanaume, ili utumwa wa akili udumu kwa karne tatu. Matini hiyo ilianza kuenea katika mitandao ya kompyuta miaka ya mwanzo ya 1990. Tarehe 16 Oktoba 1995 Louis Farrakhan aliitaja mbele ya umati mkubwa mjini Washington, na mwaka 2007 masimulizi yake yakaingia katika filamu ya The Great Debaters. Imeandikwa upya katika tovuti zisizohesabika, baadhi yake zikiwa na anwani zinazoaminiwa na orodha ya madarasani.

Wanahistoria walioichunguza wameikataa. Haina mswada. Hakuna shahidi wa karne ya 18, wala wa karne ya 19, anayeitaja. Virginia haikuwa hata na gazeti la kuichapisha, kwa maana gazeti la kwanza la koloni hilo, Virginia Gazette, lilianza mwaka 1736. Lakini shahidi mwenye nguvu kuliko wote ni lugha yenyewe. Msemaji anayedaiwa kuwa wa mwaka 1712 anatumia neno la Kiingereza la kujaza mafuta upya katika chombo, na neno jingine la kuusifu mpango ambao hata mjinga hawezi kuuharibu. Hayo ni maneno ya zama za injini. Jina lenyewe la Lynch, kwa maana ya kuua bila hukumu ya mahakama, kwa kawaida huunganishwa na watu wa Virginia wa miaka ya 1780. Mwanaisimu yeyote mwenye kamusi ya kihistoria ya Kiingereza anaweza kuifunga kesi hii kwa saa moja.

Sasa ifikiriwe hali ya mwanafunzi anayeitafsiri matini hiyo kwa Kiswahili ili aitumie katika tasnifu. Neno la kujaza mafuta atalifanya "kujiongeza nguvu". Neno la mpango usioharibika atalifanya "njia isiyoshindwa". Hizo ni tafsiri nzuri, hakuna msimamizi atakayezisahihisha. Lakini kwa tafsiri hizo nzuri ushahidi wote umekwisha kuzimika. "Njia isiyoshindwa" ingeweza kusemwa na mzee wa mwaka 1712, wa mwaka 1912 au wa jana. Msomaji wa Kiswahili anapokea hotuba iliyosafishwa makosa yake, yenye sauti ya kale na heshima ya kale, na hana njia yoyote ya kuishuku. Mfasiri amemsaidia mwongo bila kujua, na kadiri alivyo fundi, ndivyo alivyomsaidia zaidi.

Kuna watakaosema kwamba hotuba hiyo, hata kama ni ya kughushi, inaeleza ukweli wa utumwa. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini inawadhulumu wale inaotaka kuwatetea. Ukweli wa utumwa wa Virginia una hati zake, na hati hizo ni kali kuliko uzushi. Mwaka 1705 Baraza la koloni hilo lilipitisha sheria kuhusu watumishi na watumwa, ambayo matini yake ilichapishwa katika mkusanyo wa sheria wa William Hening na inapatikana katika intaneti ikiwa picha ya kitabu kilichochapwa. Humo imeelezwa kwamba bwana akimwadhibu mtumwa anayempinga na mtumwa akafa, bwana hatahesabiwa kuwa ametenda jinai. Hakuna haja ya kumbuni mtu wa kando ya mto. Bunge zima lilisema hayo waziwazi na likayatia muhuri.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu hati zake ni halali. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani, kupitia mradi wa kuwapa kazi waandishi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, iliwahoji wazee waliozaliwa utumwani. Masimulizi zaidi ya 2,300 na picha 500 zilikusanywa, na mwaka 1941 zikafungwa katika juzuu 17. Maktaba ya Bunge imeziweka zote katika intaneti kwa jina Born in Slavery. Kwa kipimo cha anwani, hakuna chanzo kinachoaminika kuliko hicho. Na kwa kweli ni hazina: hakuna mahali pengine ambapo watu wengi kiasi hicho waliokuwa watumwa wanasimulia maisha yao.

Hata hivyo hayo si maneno yao kama yalivyotoka vinywani. Wahojaji wengi walikuwa Wazungu wa majimbo ya Kusini, katika zama za ubaguzi wa kisheria, wakiwauliza wazee maskini ambao baadhi yao walitegemea msaada wa serikali. Mahojiano mengi yaliandikwa kwa kumbukumbu au kwa vidokezo vya haraka. Huko Charleston, South Carolina, mwaka 1937, bibi mmoja mwenye umri uliozidi miaka 100 alihojiwa mara mbili, na kumbukumbu zote mbili zimo katika mkusanyo huo. Katika kumbukumbu moja jina lake limeandikwa Susan Hamlin. Mhojaji, Jessie Butler, alikuwa mwanamke Mzungu, na bibi huyo alidhani ametoka ofisi ya misaada. Bwana wake wa zamani, katika mahojiano hayo, anaonekana mtu mwema. Katika kumbukumbu nyingine jina limeandikwa Susan Hamilton. Mhojaji, Augustus Ladson, alikuwa mtu mweusi, naye alisimuliwa habari za viboko na za kinamama kulia watoto wao wakiuzwa. Mwanafunzi anayetafuta jina moja tu katika hifadhidata ataondoka na nusu ya bibi huyo.

Kisha kuna suala la tahajia, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kukaa muda mrefu. Wahojaji waliandika matamshi ya wazee kwa namna ya kuyaharibu maneno, wakiacha herufi hapa na kupachika nyingine pale, wakati mwingine hata kwa maneno ambayo kila msemaji wa Kiingereza huyatamka vivyo hivyo. Sterling Brown, mshairi na mhadhiri mweusi aliyekuwa mhariri wa masuala ya Weusi katika mradi huo, aliwaandikia wahojaji mwongozo akiwataka waitangulize kweli ya usemi na nahau badala ya kuhangaikia matamshi. Mwongozo huo haukufuatwa na wote. Kwa hiyo kinachoitwa lahaja ya mhojiwa mara nyingi ni picha ya lahaja hiyo katika sikio la mhojaji. Anayekusanya data za kiisimu humo bila kuuliza nani aliandika anapima masikio, si ndimi.

Mfasiri wa Kiswahili afanye nini na matini kama hiyo? Akiitia katika Kiswahili sanifu, anaufuta mkono wa mhojaji pamoja na sauti ya mhojiwa, na msomaji hataona kwamba palikuwa na watu wawili chumbani. Akiitafutia Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kile kinachopewa vibarua na wageni katika michezo ya kuigiza, anaongeza dhihaka yake mwenyewe juu ya dhihaka ya kwanza. Suluhisho la kuridhisha kabisa halijapatikana. Lililo la uaminifu zaidi ni kutafsiri katika Kiswahili cha mazungumzo ya kawaida, kutunza nahau na mpangilio wa kusimulia, na kueleza katika tanbihi nani alihoji, lini, na tahajia ya asili ilikuwaje. Tanbihi hiyo itaonekana nzito, lakini bila hiyo msomaji hana alichokabidhiwa isipokuwa neno la mfasiri.

Takwimu nazo zinahitaji uangalifu wa aina hiyo, ingawa hazitafsiriwi. Hifadhidata ya SlaveVoyages, iliyoanza kama diski mwaka 1999 na kufunguliwa katika intaneti mwaka 2008, ina rekodi za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa. Inatoa pia makadirio: watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa barani Afrika, na kati yao takriban 389,000 waliteremshwa katika Amerika ya Kaskazini ya bara. Rekodi na makadirio ni kurasa mbili tofauti. Rekodi inatokana na hati ya meli fulani. Makadirio ni hesabu ya wanahistoria ya kuziba mapengo ya hati zilizopotea. Tasnifu inayochanganya kurasa hizo mbili huwa na namba sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Na kurasa zenyewe hazitulii. Mwaka 2025 ukurasa wa idara ya serikali inayosimamia hifadhi za taifa za Marekani, unaohusu njia za siri zilizotumiwa na watumwa kutoroka, ulibadilishwa: picha ya Harriet Tubman iliondolewa na maelezo kuhusu utumwa yakapunguzwa. Baada ya kelele za umma, mwezi Aprili ukurasa ukarejeshwa ulivyokuwa. Aliyeusoma katikati ya kipindi hicho na kuandika tu anwani yake amenukuu kitu ambacho hakipo tena. Kwa hiyo tarehe ya kusoma iandikwe daima, na nakala ya ukurasa ihifadhiwe, ama katika kompyuta ya mtafiti ama kupitia Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996 ambayo hutunza sura za zamani za kurasa. Hapa ndipo ile kanuni ya kuamini anwani za serikali inapokosa msingi kabisa.

Ibaki rejea moja kwa wale watakaopenda kufanya zoezi. Mbali na masimulizi yaliyoandikwa, Maktaba ya Bunge ina rekodi za sauti za watu kadhaa waliozaliwa utumwani, zilizonaswa kati ya mwaka 1932 na 1975. Mmoja wao ni Fountain Hughes, aliyehojiwa Baltimore mwaka 1949, akieleza kwamba ana umri wa miaka 101 na kwamba babu yake alikuwa mali ya Thomas Jefferson. Pamoja na sauti upo unukuzi wake ulioandikwa. Mwanafunzi asikilize dakika tano za mwanzo bila kuusoma unukuzi, aandike kwa Kiswahili alichokisikia, kisha aufungue unukuzi na kutafsiri dakika hizo hizo kutoka kwenye maandishi. Alete karatasi zote mbili darasani.